Usubi na Kazi ya Bondeni

Kitalu cha miche hakikai kilimani. Kinataka maji ya karibu, kivuli, udongo usiokauka upesi na njia ambayo mkokoteni utafika. Huku kwetu Vihiga mahali pa namna hiyo ni bondeni kando ya kijito, katikati ya migomba na nepia za majirani. Nimeotesha migrevilea, mikaratusi na miparachichi ya kupandikiza kwenye bonde moja linaloteremkia mto Yala tangu kifungua mimba wangu akiwa mgongoni, na siku hizi yeye ndiye anayenibebea trei za miche. Muda wote huo tumekuwa na usubi.

Shida ni kwamba saa zetu na saa zao ni zilezile. Mche mchanga haumwagiliwi jua likiwa utosini. Usubi naye hatoki jua likiwa kali, maana ni mdudu wa milimita moja hadi tatu tu na ukavu unammaliza haraka. Hutoka alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, jua likipanda akajificha, kisha akarudi jioni kuanzia kama saa kumi na moja na nusu mpaka giza liingie. Siku ya mawingu na manyunyu yasiyo na upepo hana ratiba. Anauma kutwa.

Aliyezoea mbu hushangazwa kwanza na maumivu. Humwoni aliyekuuma, unaona kidoa kama punje ya ulezi mweusi kwenye mkono, na tayari pamewaka moto. Mbu hutoboa ngozi kwa mrija mwembamba na mara nyingi unajua alikuwepo baada ya yeye kuondoka. Usubi hana mrija wa namna hiyo. Ana vyombo vya kukatia mdomoni. Anapasua ngozi, damu inajikusanya kwenye kile kidonda, naye anairamba. Anayefanya hivyo ni jike peke yake, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume anaishi kwa utamu wa maua, hana neno na mtu.

Sasa fikiria mtu anayejaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Amechuchumaa, mikono yote miwili imo kwenye udongo uliochanganywa na mbolea, hawezi kujipiga wala kujikuna. Usubi wanamjia kwenye mstari wa nywele, nyuma ya masikio, kwenye kope, na pale kifundoni ambapo soksi imeshuka na suruali imepanda. Kijana mmoja aliyekuwa akitufanyia kazi alikuwa na mstari wa vipele kiunoni, umenyooka kabisa. Shati lilikuwa likipanda kila akiinama, na wao walikuwa wameupata ule upenyo.

Vibarua wapya hufika na jeli ya mbu mfukoni, wakidhani kila kirukacho ni kitu kimoja. Kabla ya kununua chochote, ni vizuri mtu ajue ni nani anayemuuma, na kama kweli anaumwa.

Wifi yangu anaanika omena Dunga, pale Kisumu. Siku ya kwanza kumtembelea niliona nguzo nyeusi zimesimama juu ya ziwa, nikadhani kuna moto ng'ambo. Upepo ulipozisukuma ufukweni zikawa ni wadudu, mamilioni yao, wakatuingia puani, wakaingia kwenye chai, wakakaa kwenye nywele. Nikaanza kujipiga makofi shingoni na mikononi. Wifi alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Wifi, hao hata mdomo wa kukuumia hawana!" Na ni kweli. Wale wa ziwani, ambao Waluo huwaita sami, hukulia majini na kwenye tope la chini ya ziwa, kisha huibuka kwa pamoja, mara nyingi siku za mwezi mwandamo, wakajamiiana na kufa. Hawanywi damu. Kero yao ni macho, chakula, na watu wenye pumu kubanwa kifua wakivuta vumbi la mizoga yao. Kujipaka dawa ya kufukuza wadudu kwa ajili ya sami ni kuchoma pesa. Dawa yao ni kuzima taa ya nje, kufunga mlango mapema na kufunika sufuria. Na omena wenyewe huwala, kwa hiyo sisi tunaokula omena tusiwalalamikie sana.

Wengine ni inzi weusi wa mtoni. Hawa ni wafupi, wana mgongo uliobinuka, na hupenda maji yanayokimbia juu ya mawe, ya aina ile unayoiona kwenye maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye. Mabuu yao hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama, yakala kile kinacholetwa na mkondo. Kwenye maji yaliyotuama hayaishi. Wakubwa wao huuma mchana kweupe, wengi hupenda miguu, huacha tone la damu mahali walipouma, na hawana tabia ya kumfuata mtu ndani ya nyumba. Ukiumwa saa sita ya mchana karibu na daraja lenye maji ya kasi, usiwalaumu usubi wetu, hawa wa matopeni.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu ni ya pesa na ya nguvu. Usubi wa matopeni ni mrukaji dhaifu. Wengi wao hawaendi mbali na pale walipozaliwa, mara nyingi ni mita mia chache tu, kwa hiyo ukikausha tope lako unaona faida hapohapo ulipo. Inzi mweusi anaweza kusafiri kilomita nyingi kutoka mtoni. Huyo utamkaushia nini? Kwake unavaa tu.

Mteja mmoja, mzee wa Rachuonyo aliyekuja kuchukua migrevilea, alitukalisha chini tukasahau kazi. Alikuwa ameona watu wangu wamevaa neti kichwani, ndipo akaanza habari za Kodera, upande huo wao wa Homa Bay. Zamani inzi weusi wa kule walikuwa wakiambukiza minyoo inayopofusha macho, na familia nzima ilikuwa na wazee wanaoongozwa kwa fimbo. Kuanzia mwaka 1946, watafiti wawili, Garnham na McMahon, walitia DDT, dawa ya kuua wadudu, kwenye mito ya Kodera na yule inzi akaisha. Katikati ya miaka ya 1950 kazi ilikuwa imeenea sehemu nyingine za Nyanza, na ugonjwa ule ukakosa wa kuueneza. Kilichonivutia nilipokuja kuisoma habari yenyewe ni kwamba walimmaliza kabla ya kujua mabuu yake yanakaa wapi. Walikuwa wametafuta kwenye mawe na kwenye nyasi za mtoni bila kuyapata. Mwaka 1950 ndipo van Someren na McMahon walipochapisha jibu: yanaishi yameng'ang'ania mwilini mwa kaa wa mtoni. Kila nikiwaona watoto wakigeuza mawe kijitoni kutafuta kaa huwa nawakumbuka wale watu.

DDT si jambo la kuiga leo, na wala sisemi mtu amwage kitu mtoni. Nimeshaona watu wakimwaga oili chafu ya gari kwenye dimbwi, na mwingine mabaki ya dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye mfereji, eti kuua usubi. Maji hayo ndiyo yanayonyweshwa ng'ombe kule chini na kufulia nguo, na samaki wanaokufa ndio waliokuwa wakiwala mabuu. Ninachokichukua kutoka Kodera ni kwamba ushindi ulipatikana walikozaliwa wadudu. Kwa upande wetu, mahali hapo ni tope lenye mbolea.

Tope safi la mchanga halivutii usubi. Anataka unyevu wenye uozo ndani yake: kinyesi cha ng'ombe kilichochanganyika na mkojo, majani yaliyooza, udongo mweusi unaobubujika kidogo ukiukanyaga. Shina la mgomba lililokatwa na kuachwa lilale ni nyumba nzuri sana kwa baadhi yao, na huku kwetu kila boma lina mashina hayo nyuma ya jikoni. Tulianza na hayo. Mgomba ukishatoa mkungu, shina linapasuliwa kwa urefu na kutandazwa juani, au ng'ombe wanapewa lingali bichi. Rundo la mbolea tulilisogeza juu kidogo ya bonde na kulifunika kwa karatasi ya nailoni ili mvua isiligeuze uji. Pale tunapochota maji palikuwa pamechimbika kwa miguu ya watu. Tukamwaga kokoto na mchanga, tukachonga mfereji mwembamba wa kutoa maji yanayomwagika. Mpira uliokuwa ukivuja kwenye kiungio tuliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ni kazi ndogondogo za kuchosha, hakuna mtu anayekusifu kwa kuzifanya, lakini msimu uliofuata wa mvua za Machi hadi Mei tulihisi tofauti. Usubi hawakuisha. Walipungua kiasi cha mtu kuweza kumaliza kazi yake bila kukimbia.

Halafu saa. Tulikuwa tunamwagilia kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyofanya. Sasa asubuhi tunaanza saa mbili na nusu hivi, umande ukishakauka, na jioni tunamaliza kabla ya saa kumi na moja. Afisa wa kilimo aliyepita alituambia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba mche unaolala na majani makavu hauozi shingo kirahisi. Ule ugonjwa wa miche michanga kulegea na kuanguka ikiwa imekatika pale udongoni hupenda vitalu vinavyoloweshwa usiku ukiingia. Kwa hiyo tulihama kwa ajili ya usubi, miche ikafaidika.

Upepo ni rafiki kuliko kitu chochote cha kununua. Upepo wa kutikisa majani ya mgomba unatosha kumfanya usubi ashindwe kuruka. Tatizo la bonde ni kwamba upepo hupita juu yake. Tulipogoa ua wa upande wa chini ambao ulikuwa umefungamana mpaka ardhini, tukainua neti ya kivuli, na hewa ikaanza kupita. Ila kilichosaidia zaidi ni kugawanya kazi. Anayemwagilia anatembea, na anayetembea haumwi sana. Anayejaza viriba au kuhamisha miche kutoka kwenye trei amekaa mahali pamoja saa nzima na pumzi yake inawaita, kwa maana usubi, kama mbu, hufuata hewa tunayotoa puani. Basi kazi ya kukaa tumeipandisha kilimani, kwenye kibanda wazi karibu na barabara. Udongo unapanda kwa toroli, viriba vilivyojaa vinashuka kwa toroli. Vibarua walinung'unika juu ya ule mlima kwa wiki ya kwanza. Tangu hapo sijasikia mtu akiomba kurudi chini.

Kuhusu mavazi, nianze na ile neti ya kichwani kwa kuwa watu huniuliza sana. Neti ya mbu ya kitandani haifai. Matundu yake yalipimwa kwa mbu, na usubi anapita humo bila kuinama. Nilinunua kitambaa cha neti laini, kile cha mapazia ya ndani, nikatafuta chenye matundu madogo kuliko yote sokoni Luanda, nikampelekea fundi pamoja na kofia ya majani yenye ukingo mpana. Ukingo ni lazima. Bila huo neti inalala kwenye ngozi, na usubi wanakuuma ukiwa ndani yake. Fundi alishona neti kuzunguka ukingo, akaacha urefu wa kufika mabegani, akapitisha mpira chini ili ikazwe kwenye kola. Cha kwanza kilikuwa cheupe. Kikivaliwa juani kinameremeta na huoni mche ulio mbele yako. Tukatoa kipande cha mbele ya uso tukaweka neti nyeusi, na ghafla mtu anaona vizuri kabisa, maana rangi nyeusi hairudishi mwanga machoni. Sehemu nyingine ibaki nyeupe. Wateja hucheka wakidhani tumefuga nyuki.

Nguo ziwe ndefu, za rangi ya mwanga, zenye nafasi. Shati la kubana halisaidii, mdudu anapitisha mdomo kwenye kitambaa kilichonyooka juu ya ngozi. Rangi nyeusi na samawati iliyokolea huvutia inzi weusi, kwa hiyo zile ovaroli za rangi ya gereji ambazo kila mtu anazo ni nzuri kwa kuficha uchafu na mbaya kwa mtoni. Mimi hununua mashati ya mikono mirefu ya khaki ya mitumba, Kibuye siku ya Jumapili, na suruali inaingia ndani ya gambuti. Mikononi tunavaa soksi kuukuu zilizokatwa ncha, kuanzia kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole. Shati lichomekwe, kwa ajili ya ule mstari wa kiunoni.

Kuna dawa ya permethrini inayopakwa kwenye nguo, haipakwi kwenye ngozi. Nguo inaloweshwa au kupulizwa, inakauka kabisa kivulini, ndipo inavaliwa, na inabaki na nguvu hata baada ya kufuliwa mara kadhaa. Nayo ina hatari zake: ikiwa mbichi ni sumu kwa paka, na ikifika majini inaua samaki. Hatuifulii kijitoni. Dawa hii ni ndugu wa pareto, ile ile iliyowahi kuilisha Molo na maeneo mengine ya Nakuru; wataalamu waliiga kemikali ya lile ua, wakaifanya isiharibiwe upesi na jua. Mama yangu alichuma pareto akiwa msichana, na anasema ghala lililokuwa na maua makavu halikuwa na inzi.

Ya kupaka mwilini naiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa watu huianza. Soma kopo. Tafuta yenye kemikali ya kufukuza wadudu iitwayo DEET, ya asilimia 20 hadi 30, au ikaridini. Hizo zinafanya kazi kwa usubi, kwa mbu na kwa inzi weusi, ingawa kwa mtu anayetoka jasho muda unapungua na inabidi kurudia. DEET hula plastiki: imewahi kufifisha kioo cha saa ya binti yangu na kubabua fremu ya miwani. Ikaridini haina tabia hiyo. Paka mkononi kwanza ndipo upitishe usoni, mbali na macho na midomo, na usipake kwenye jeraha. Ukitumia pia mafuta ya kukinga jua, hayo ndiyo yanayotangulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe kabisa. Mfunike kwa nguo. Ukifika nyumbani nawa kabla ya kushika ugali.

Mafuta mazito ya kukamulia, ambayo nusu ya kijiji hujipaka kila siku, yana kazi yake. Hayamfukuzi usubi, lakini akitua ananasa, na jioni unamkuta amebaki kwenye mkono. Kwangu yanasaidia nusu saa, labda zaidi kidogo. Ila mafuta ya taa, na dawa ya kupe ya ng'ombe iliyopunguzwa kwa maji, tafadhali msijipake. Najua wapo wanaojipaka. Ya ng'ombe inapita kwenye ngozi ya mtu na kumlewesha vibaya.

Moshi nao. Kila mzee wa hapa ana majani yake, na siwadharau. Watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita waliyapima baadhi ya majani yanayotumiwa na watu wa magharibi mwa Kenya, yakiwemo ya jamii ya mrehani na ya mkaratusi wenye harufu ya limau, kwa mbu wa malaria, wakaona kwamba majani yakipashwa moto juu ya jiko mpaka yatoe harufu yanafukuza zaidi kuliko yakitupwa motoni yaungue. Nasi ndivyo tunavyofanya jioni pale kibandani: bati juu ya makaa, majani juu ya bati. Moshi mzito wa kinyesi cha ng'ombe unafukuza kila kitu, wewe ukiwemo, na mtu anayeuvuta kila siku mapafu yake yataulipa.

Usubi hawaambukizi malaria. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu linapotosha pande mbili. Wapo wanaoogopa vipele vya usubi wakakimbilia kupima malaria, na wapo wanaovumilia kila kiumacho kwa kuwa "ni usubi tu," na wakati huohuo mbu wa kweli ameshachukua zamu giza lilipoingia. Kanda yetu ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko kanda nyingine za nchi. Neti ya kitandani ambayo haimzuii usubi bado ndiyo ya kulalia. Niliwahi kumkuta jirani amezungushia sukuma wiki neti mpya ya hospitali kuzuia kuku, watoto wake wamelala bila. Tulizungumza, na sikumficha nilivyohisi.

Kwa kipele chenyewe, maji baridi na sabuni, halafu losheni ya kalamini. Kucha fupi. Kinachopeleka watu zahanati mara nyingi ni kile walichokifanya kwa kucha zenye udongo na mbolea, mguu ukavimba na kutoa usaha. Piriton inatuliza mwasho lakini inaleta usingizi, kwa hiyo anayeendesha bodaboda aimeze akishafika kwake. Akivimba midomo au uso, au akikosa pumzi, hakuna cha kusubiri. Ni hospitali.

Na kidonda kisichopona kina habari yake. Ndugu yangu anachonga mawe Gilgil, kaunti ya Nakuru. Kule kuna usubi wa aina nyingine, wa mapangoni na kwenye nyufa za miamba, anayeuma usiku na anayeweza kuambukiza lishmaniasi ya ngozi. Inaanza kama kipele cha kawaida, kinageuka kidonda kilichoinuka kingo, mara nyingi hakiumi, na kinakaa miezi. Mwenzake wa kazini alikuwa nacho shavuni akikitibu kwa unga wa vidonge vya dukani. Aliyefanya kazi au kulala karibu na mapango ya huko na ana kidonda cha wiki nyingi amwambie daktari ametoka wapi, maana daktari wa Vihiga hatakifikiria.

Kondoo pia huumwa. Usubi hueneza ugonjwa wa ulimi wa bluu, na kondoo wa kigeni ndio wanaoumia zaidi. Wangu hulala kwenye banda la kilimani, na wanaingia kabla ya saa kumi na moja.

Malipo ilibidi yabadilike pia. Ukimlipa kibarua kwa siku na kumtaka afike alfajiri, umemlipa aumwe. Sasa nawalipa kwa idadi ya viriba vilivyojazwa, waje saa wanayotaka. Wenye haraka wanaanza saa tatu, wanaondoka saa tisa, na hesabu inatoka sawa. Kofia za neti ni za kitalu. Mtu hakatwi kwa ajili yake.

Kilichobaki ni mashimo ya matofali. Jirani wa upande wa juu alichimba udongo wa kufyatulia, mashimo yakajaa mvua, ng'ombe wake wakawa wanakunywa humo na kuacha kinyesi. Kutoka pale hadi kitaluni kwangu hata mita mia mbili hazifiki. Nilimwendea na miche thelathini ya mgrevilea.

"Baba, tuyafukie mashimo haya, nami nikupandie mpaka wote."

"Mama, wewe unawaogopa usubi kuliko wezi," akasema, lakini miche akaipokea.

Mawili tumeyafukia, vijana wake na wangu, na mpaka umeshapandwa. La tatu anasema bado analihitaji, ana nyumba ya mwanawe ya kumalizia baada ya mavuno ya mahindi. Tumekubaliana kwa sasa achonge mfereji wa kulitoa maji na kuwawekea ng'ombe uzio, na mpira wa kunyweshea nimemwazima.